Mbavu za Kwandu

Jumatatu, 6 Mei

Soko la pamba limefunguliwa leo. Hapa Bariadi huhitaji tangazo. Unaamka unakuta nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miba ya uzio njia nzima, na vumbi la malori limeshaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mama amepiga simu kutoka Sola kuuliza nitakwenda lini kumsaidia kuchuma. Nimemwambia nina kazi. Akasema kupiga watu picha si kazi, ni starehe.

Naandika kwenye rejista ya wagonjwa iliyobaki ya mwaka juzi. Nikiyasema haya kwa mdomo watu huniambia, "Specioza, una hasira." Kweli ninazo. Miaka kumi na minne ndani ya chumba cha eksrei nimeona mapanga, nimeona shoka, nimeona mkono wa mwanamke uliovunjwa mara tatu mahali pale pale, na kila anayeletwa anasema ameanguka. Mkoa huu watu wanaanguka sana.

Picha kumi na saba.

Alhamisi, 9 Mei

Vumbi. Picha ishirini na moja. Mlevi kanitapikia viatu, kisha akanitongoza kwa njia ya kuomba radhi.

Jumanne, 14 Mei

Mikono yangu bado inanuka samli na moshi, nimeiosha mara tatu.

Saa nne asubuhi Daktari Yakobo alinitumia mtoto wa kike wa miezi saba, jina Kwandu, paja la kushoto limevimba. Alikuja na watu watatu. Mama yake ni Winnie, binti wa miaka kumi na tisa, uso mkavu kama amepitia tu kuuliza njia. Aliyewaleta kwa pikipiki ni kaka yake mkubwa, Mwalimu Januarius. Huyu namfahamu. Ni katekista wa kigango kimoja nje ya mji, ndiye aliyewaandaa watoto wa dada yangu kwa komunyo ya kwanza. Shati limepigwa pasi, alinisalimia kwa kuinama kidogo, na fomu ya polisi, PF3, alikuwa ameshaichukua bila kuambiwa. Nilifikiri, laiti wanaume wote wa hapa wangekuwa hivi.

Wa tatu alifika baadaye kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Maduhu, mume wa Winnie. Mfugaji kutoka upande wa Mwanhuzi, wilaya ya Meatu, Kiswahili cha kuokoteza. Amemuoa Winnie baada ya Pasaka, na mtoto alimkuta ameshazaliwa.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

Nikamjibu kwa kichwa tu. Mtoto alikuwa na hirizi mbili za ngozi zilizopakwa samli, moja shingoni na nyingine imepitishwa kifuani chini ya makwapa. Nikamwambia Winnie azivue. Maduhu akaingilia.

"Hiyo usikate, mayu. Hiyo inamlinda ng'wana, mtoto huyu."

"Imemlinda vizuri, naona," nikasema. Nikachukua mkasi, nikazikata zote mbili na kuzitupa kwenye ndoo ya taka. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. Sikujali hata kidogo.

Mtoto mdogo hapigwi picha bila mshikaji. Ndugu mmoja anavaa aproni nzito ya kukinga mionzi, anamkamata mtoto atulie, mimi nabonyeza. Mikono ya Maduhu ilikuwa inatetemeka. Nikampa aproni Mwalimu Januarius, ya kwake haikutetemeka.

Paja limevunjika katikati, mvunjiko wa kusokotwa. Nikauliza imekuwaje.

"Wanasema ameanguka kutoka juu ya pamba," alisema Mwalimu kwa upole. "Wameirundika ndani, imefika karibu na dari. Mimi sikuwepo, nasema walichoniambia."

"Mimi nilikuwa shamba," alisema Maduhu. "Jioni nimekuta analia tu."

Winnie alimfunika mtoto kwa kanga.

Ameanguka kutoka juu ya pamba! Mimi nimezaliwa Sola. Tulilala juu ya pamba, tuliruka kutoka kwenye kenchi na kuzama humo mpaka kichwani, na bibi alitufukuza kwa fimbo kwa sababu tulikuwa tunaichafua. Sijawahi kuona wala kusikia mtu aliyevunjika chochote kwa kuanguka kwenye pamba. Na mtoto huyu hajaanza hata kutambaa. Alipandaje?

Kuna kitu kingine nilikiona. Kwenye goti, pembeni mwa ncha ya mfupa, kipande kidogo kama ukucha kimemeguka. Hicho hakitokani na kuanguka popote. Hutokea mguu wa mtoto ukishikwa, ukavutwa na kusokotwa. Nilikwenda mwenyewe kwa Daktari Yakobo na picha. Huyu ndiye daktari ninayempenda hapa, kijana, anachekesha watoto, namtania kwa viatu vyake vyenye ncha. Aliitazama, kicheko kikaisha.

"Kesho tumpige mwili mzima, dada," akasema.

Jumatano, 15 Mei

Picha kumi na tisa za mtoto mmoja. Kichwa mbele na pembeni, kifua, mbavu kwa mshazari kulia na kushoto, kila mkono, kila mguu, hadi viganja. Alilia mpaka sauti ikakata, ikabaki mdomo wazi tu. Winnie alimshika safari hii, akitazama ukuta.

Mbavu tatu za kushoto, nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo. Ya sita, ya saba na ya nane. Zilivunjika zamani, zimeunga, kila moja ina kifundo. Mahali hapo mbavu za mtoto hazivunjiki kwa kikohozi wala kwa kudondoka. Zinavunjika mtu mzima akimkamata kifuani kwa mikono miwili na kumkamua.

Nimeandika: "Majeraha ya nyakati tofauti. Mbavu: wiki nne au zaidi. Paja: siku chache." Daktari Yakobo akasaini. Monika wa ustawi wa jamii akapiga hesabu kwa sauti: wiki nne nyuma, katikati ya Aprili, ndipo Winnie alipohamia kwa Maduhu. Tulitazamana tu.

Nimekula wali nusu sahani nikauacha.

Alhamisi, 16 Mei

Wamemkamata Maduhu mchana, uwanjani hospitalini, ameleta uji kwenye chupa. Nilisimama dirishani. Nasema ukweli: nilifurahi. Nilitamani wamsukume kidogo.

Jumatatu, 20 Mei

Kwandu yuko wodini, miguu yote miwili imefungwa juu na kuning'inizwa, ndivyo paja la mtoto mdogo linavyotibiwa. Winnie amekaa sakafuni kando ya kitanda. Muuguzi anasema tangu Alhamisi hajalia wala hajauliza habari za mume. Mama gani huyu? Unalala nyumba moja na mtu anayemvunja mwanao, humsikii? Nikipita namsalimia kwa sababu ya sare tu.

Mwalimu Januarius anakuja kila jioni na maziwa.

Ijumaa, 24 Mei

Upepo. Picha kumi na tatu. Aproni moja imepasuka.

Jumatano, 29 Mei

Picha za marudio baada ya wiki mbili. Hakuna jipya. Paja linaunga vizuri. Mtoto ameongezeka uzito, na leo alicheka aliponiona navaa miwani. Amekaa wiki mbili mahali ambapo hakuna mtu wa kumgusa vibaya, ona alivyonawiri. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikamgombeza mtu aliyeingia na viatu vyenye matope.

Jumanne, 4 Juni

Mama kapiga simu. Pamba ya kwake nusu bado iko shambani. Nimesema wiki ijayo.

Jumatatu, 10 Juni

Kwandu ameruhusiwa. Maduhu yuko mahabusu, kesi imetajwa mara moja na kuahirishwa. Mahakama inataka mtoto akae na mtu anayefaa, na Monika amependekeza kwa mikono miwili: Mwalimu Januarius. Winnie anarudi naye hapo hapo kwa kaka yake, alikokuwa anaishi kabla ya kuolewa. Nilikuwepo aliposaini.

"Ni damu yangu," alisema Mwalimu. "Mungu akinijalia nitamlea kama wangu."

Nilimpa mkono. Winnie alikuwa amekaa na macho chini. Nilimwambia, mbele ya wote, "Safari hii mtunze mwanao." Nikaona nimesema neno la maana.

Jumatatu, 17 Juni

Vumbi limepungua, malori yamekuwa machache. Picha kumi na tano.

Jumatano, 26 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianze na asubuhi.

Winnie alikuja kliniki peke yake na mtoto mgongoni, paja likaangaliwe. Nikapiga picha moja, imeunga safi. Wakati namsubiri amvike mtoto nguo nikamuuliza, kwa ukali kama kawaida yangu, kama amekwenda kumwona mumewe.

"Nimekwenda," akasema. "Anamuulizia Kwandu."

"Anamuulizia!"

Hapo ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu Mei. "Yeye ndiye aliyesema mtoto huyu anaumwa mbavu," akasema. "Siku ya kwanza tu nimeingia kwake. Alimnyanyua hivi, chini ya makwapa, mtoto akapiga kelele. Akasema, ng'wana huyu ana maumivu hapa. Akaenda mpaka kwao kwa mganga, akaleta ile dawa uliyokata. Alisema ifungwe pale pale panapouma."

"Siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza, dada. Kabla ya hapo hajawahi kumwona. Alikuwa Meatu na ng'ombe."

Nikamwambia watu husema mengi. Akachukua mtoto akaondoka, akasahau kadi ya kliniki mezani. Niliifungua nitafute namba ya simu. Nikakuta mstari wenye mwandiko wa Daktari Yakobo: 21 Machi, kikohozi na homa, eksrei ya kifua.

Machi. Mashine ya kupiga kifua hapa ni moja na anayeiendesha ni mimi.

Mwezi Mei nilitafuta kwenye kompyuta kama mtoto alishawahi kuja, sikupata kitu, kwa sababu nilitafuta Kwandu Maduhu. Leo nimefungua rejista tarehe hiyo. Kwandu Januarius. Mjomba alimwandikisha kwa jina lake, kama afanyavyo mtu anayemleta mjini mtoto asiye na baba. Nikaifungua picha.

Zipo. Ya sita, ya saba na ya nane, kushoto, nyuma. Tarehe 21 Machi, siku kumi kabla ya Pasaka, na tayari zilikuwa zimeanza kuunga, kwa hiyo zilivunjika mwanzoni mwa Machi au kabla. Maduhu alikuwa Meatu na ng'ombe wake. Winnie na mtoto walikuwa wanalala kwa Mwalimu Januarius.

Mwezi Mei mimi niliandika "wiki nne au zaidi". Watu wakasoma wiki nne, wakaacha neno lililofuata, na mimi nikawaacha kwa sababu walifika nilipotaka wafike.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni kwamba picha ya Machi niliitazama. Daktari aliuliza kama kuna nimonia, nikatazama mapafu, nikaandika ipo. Mbavu zilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Na pembeni mwa picha, kila upande, imetokea mikono ya mshikaji, mifupa ya vidole na saa ya mkononi, imemkamata mtoto kifuani. Namkumbuka sasa. Mtoto alikuwa anajinyonganyonga, na mimi ndiye niliyesema, "Mwalimu, mbane vizuri asicheze." Akambana. Mbavu zilizovunjika ziko chini ya mikono yake kwenye picha niliyopiga mimi.

Nimeifunga picha, nikaifungua tena. Mikono bado ipo.

Alhamisi, 27 Juni

Nimempelekea Daktari Yakobo picha. Aliitazama muda mrefu, akafunga mlango.

"Hii tuliiona sisi wawili tu," akasema.

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja."

"Sikiliza, dada Specioza. Tarehe thelathini si unafuta picha za robo iliyopita? Kompyuta imejaa, kila mtu anajua. Mwezi unaisha wenyewe."

Kweli tunafuta. Kila mwisho wa robo mwaka natunza chache kwenye diski, zingine zinakwenda. Ni utaratibu wa kazi, hakuna ambaye angeuliza. Alizungumza kwa sauti ile ile anayowabembelezea watoto kabla ya sindano, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwenye viatu vyenye ncha. Nikamwambia ni mchafu. Akasema, "Na wewe umeandika nimonia." Nikafungua mlango nikatoka.

Nimempigia Monika, yuko semina Mwamanyili hadi Jumamosi. Ningeweza kumwambia kwa simu. Nilimwambia tu, "Ukirudi tuonane."

Ijumaa, 28 Juni

Nimetuma picha kwa mwenzangu Mwanza niliyesoma naye, bila jina la mtoto, anipe jicho la pili. Nilijiambia ni haki kuhakikisha kwanza. Kweli ni haki. Na mbavu hizo ningezihakikisha hata nikiwa nimefumba jicho moja.

Nimejiuliza maswali ya kijinga siku nzima. Huenda ni mkewe Mwalimu. Huenda alianguka. Huenda nitafukuzwa, na nani atamlipia Mama vibarua wa pamba. Mtu huyu alimpa mtoto wa dada yangu rozari.

Saa kumi jioni mwenzangu akajibu: "Mbavu tatu nyuma, zinaunga, wiki mbili hadi tatu. Nani amemkamua mtoto huyu?"

Picha nimeiweka kwenye diski, diski iko kwenye mkoba wangu. Najinukia vibaya.

Jumamosi, 29 Juni

Nimempigia Monika saa nne asubuhi akiwa bado Mwamanyili, nikamwambia yote, pamoja na nimonia yangu. Kisha akasema, "Na mimi nikasaini awe kwake." Anarudi jioni. Kesho asubuhi tunakwenda na polisi.

Jumapili, 30 Juni

Tulifika kigangoni saa tatu. Padri hayupo wiki hii, kwa hiyo anayeongoza ibada ni Mwalimu. Askari aliyekuja nasi ni Mkatoliki, akasema si vizuri kumtoa mtu katikati ya sala, tusubiri amalize. Monika alikwenda nyumbani kwake, hatua mia mbili hivi, na mimi nikaambiwa nibaki na askari, nimtambulishe mtu. Nikakaa benchi la nyuma.

Aliongoza vizuri. Alisoma somo bila kukosea hata neno, akaombea wagonjwa, akaombea watoto wa dunia nzima, akaombea bei ya pamba. Kina mama walijibu kwa sauti moja. Mimi nilikuwa natazama mikono yake imeshika kitabu. Nilisikia kinyaa mpaka kwenye meno. Nilitaka kusimama nipige kelele, nikakaa, kwa sababu mimi pia miezi yote hii nilikuwa nimekaa hivyo hivyo nikimpenda.

Simu ya Monika iliingia wakati wa matangazo. "Njooni. Mkono haufanyi kazi."

Kwandu alikuwa amelazwa mkekani, mkono wa kulia umelegea pembeni, analia bila kuusogeza. Winnie alikuwa amepiga magoti karibu naye. Alisema Ijumaa alikwenda kuchuma pamba ya Maduhu, maana nani mwingine ataichuma, akamwacha mtoto hapo. Aliporudi jioni kaka yake akamwambia mtoto ameng'atwa na mdudu, ndiyo maana mkono umevimba. Usiku kucha alilia. Jumamosi mke wa kaka akampaka mafuta ya moto.

"Na ile ya Mei?" Monika akamuuliza. "Paja?"

Winnie alitazama mlangoni kwanza. "Jumapili, siku mbili kabla hatujaja hospitali, nilimwacha hapa baada ya ibada, nikaenda mtoni kufua. Jioni kaka alimrudisha kwangu amelala. Alisema usimwamshe." Akamfuta mtoto uso. "Hapendi akilia. Anasema kilio chake kinamtangaza. Nimezaa nje, dada, na yeye ni mwalimu wa dini. Amenilea tangu mama afe. Ningesema nini, na nani angenisikia? Ninyi wote mlikuwa mnampa mkono."

Mwalimu aliingia na kitabu kwapani. Alituamkia kila mmoja kwa jina. Akamuuliza askari kama tumekunywa chai.

Askari akamwambia anatakiwa kituoni. Mwalimu hakubisha, hakupandisha sauti. Alisema tu, kwa ule upole wake, "Mtoto huyu ana mifupa dhaifu tangu kuzaliwa. Muulizeni dada Specioza, ndiye mtaalamu."

Wote wakanigeukia.

"Mifupa yake ni mizima," nikasema. "Wodini alikaa wiki nne, haikuvunjika hata mmoja."

Ndipo nikamwona uso wake halisi, sekunde moja, na haukuwa uso wa ajabu wowote. Ulikuwa uso wa mtu aliyeudhika.

Mchana nimempiga Kwandu picha ya mkono. Mshikaji alikuwa Winnie. Mfupa wa juu wa mkono, karibu na bega, umekatika. Kingo zake ni kali, hakuna hata kivuli cha kuunga. Mpya kabisa. Nimeitazama nikiwa nimesimama mpaka miguu ikaniuma, nikitamani nione dalili yoyote kwamba ni ya Jumatatu, ya Jumanne, ya wiki iliyopita.

Picha za robo sijafuta hata moja. Kompyuta inagoma kufunguka, na igome.

Jumatatu, 1 Julai

Nimekwenda kituoni kuandika maelezo. Maduhu ameachiwa asubuhi, alikuwa nje kwenye benchi, amekonda, na Winnie karibu yake na mtoto begani, mkono umefungwa kwa bendeji kifuani. Daktari Yakobo naye ameitwa, atakuja kesho. Ameniletea ujumbe kwa simu kuniuliza nitasema nini kuhusu Machi. Sijamjibu.

Maduhu alisimama aliponiona. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja, mayu," akanishukuru. "Wameniambia ni wewe uliyeleta picha. Wabeja sana."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilitamani anitukane kwa ajili ya hirizi, kwa ajili ya uji aliokuja nao siku ile, kwa ajili ya mwezi na nusu mahabusu. Aliendelea tu kuutikisa mkono wangu.

Ofisi ya dawati la watoto ni ndogo na mlango wake haufungi. Askari mwanamke aliandika, mimi nikasema. Nikasema nilipiga picha tarehe 21 Machi, nikaitazama, sikuona mbavu kwa kuwa sikuzitafuta. Nikasema nani alimshika mtoto na kwamba aliambiwa ambane asicheze. Hapana, mimi ndiye niliyesema hivyo, nikamwambia afute aandike upya. Akaandika upya.

"Na hiyo picha ya Machi uliigundua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema Jumamosi. Monika mwenyewe anajua ni Jumamosi. Yakobo hawezi kusema vingine bila kujichongea.

"Jumatano," nikasema. "Tarehe ishirini na sita."

Akaandika, kisha akaanza kunisomea maelezo yangu kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka, taratibu, neno kwa neno. Alipofika pale alisoma kwa sauti ya kutosha: "Niliigundua Jumatano, tarehe ishirini na sita mwezi wa sita."

Nje, benchini, Winnie aligeuza kichwa. Alinitazama kupitia upenyo wa mlango, akamtazama mtoto, akautazama mkono ule uliovunjwa Ijumaa. Alimhamishia Kwandu bega la pili, lile lililo mbali na mimi.